Injini ya Boti Mlimani Tetu

Wamuyu, mama yangu,

Salamu sina za kukupa, maana tuko nyumba moja na nakusikia huko jikoni ukicheka na mama yako juu ya ile keki iliyoungua upande mmoja. Wageni wameondoka sasa hivi. Jua bado liko juu ya paa za mtaa wetu wa Skuta. Nimemwambia mama yako nataka kujinyoosha kidogo, kisha nikafunga mlango na kukaa na kalamu hii, ambayo imezoea kuandika majina ya spea tu.

Nakuandikia Kiswahili. Mama yako husoma Gikuyu cha Biblia basi, na sisi wawili hii ndiyo ilikuwa lugha yetu ya gereji, niliyoichukua kwa Dhanji, tajiri wangu wa gereji, nikakupa wewe. Ukiona kwamba hapo tayari nimeanza kujificha, umeona vizuri.

Mambo ya blanketi, sabuni, na nani wa kukaa naye kwenye treni ya Kisumu, mama yako ameyasema mara tatu na kesho kituoni atayarudia. Mimi nina jambo moja tu.

Leo watu wamekuombea. Mchungaji ameomba mpaka chai ikapoa. Ukoo wote ulikuwa hapa isipokuwa mdogo wangu Githinji. Nilikuona ukiangalia mlango. Ulimwekea kiti karibu na dirisha, ukamwekea sahani ya chapati, ukaifunika kwa sahani nyingine. Hakuja. Nawe unajua kwamba kwetu msichana hatoki kwenda mbali kabla ndugu wa baba yake hajamtemea mate ya baraka kifuani. Hata sisi wa kanisa tunafanya hivyo, ila tunaita maombi. Shangazi yako akasema, "Wachaneni na yeye, Githinji ako na yake." Watu wakatazama vikombe. Kila mmoja pale alikuwa anajua hiyo "yake" ni nini. Wanasema mkono wake uliukata wewe.

Si kweli. Mkono wa Githinji niliukata mimi.

Haya, nimeandika. Nilidhani kalamu ingekataa.

Sasa nianze mwanzo, kwa sababu mengine uliyaona ukiwa na miaka kumi na minne na hukuambiwa maana yake. Mzungu wa Naro Moru alipouza shamba lake alifanya mnada wa kila kitu, mpaka sufuria. Mle ghalani mlikuwa na boti aliyokuwa akiivuta kwenda nayo Ziwa Naivasha, na ndani ya boti injini ya Kimarekani ya silinda nane, pistoni zake kubwa kama mikebe ya mafuta ya Kimbo. Boti yenyewe ilikuwa imeoza. Watu wakacheka: injini ya boti itafanya nini Tetu, mahali hata bata haogelei? Mimi sikucheka. Niliona msumeno. Niliona magogo ya saiprasi kutoka msituni, na mbao, na jina langu. Githinji aliuza fahali wake, mimi nikatoa akiba yangu yote ya kwa Dhanji, na tukaileta nyumbani kwa mkokoteni wa punda wawili.

Unakumbuka tulivyoifungua? Nilikuambia mtu wa gari anataka mbio, lakini msumeno hauna haja na mbio. Msumeno unataka kuvutwa. Gogo likishika meno, injini ya mbio inakufa papo hapo. Kwa hiyo tukatoa zile kabureta mbili kubwa tukaweka moja ndogo ya lori, ili hewa iingie kwa nguvu hata injini ikizunguka polepole. Wewe ukauliza, "Baba, ndogo itashindaje kubwa?" Nikakukatia bua la jani la boga nikakuambia puliza. Kisha nikakupa bomba la maji nikakuambia puliza tena. Ukaelewa kabla sijamaliza kufungua mdomo. Kamshafti, ile fito inayofungua valvu, tukaisogeza kidogo ili valvu za kuingiza zifunge mapema. Na valvu zote kumi na sita ulizisaga wewe, likizo nzima, ukisugua kijiti katikati ya viganja mpaka vikatoka malengelenge. Mama yako alikasirika. "Huyo ni msichana, si fundi wa Dhanji!" Nikamjibu kwamba una mikono ya mama yangu, ambaye wewe ni jina lake, na mama yangu alikuwa akinoa panga kushinda wanaume wote wa kijiji.

Hiyo ilikuwa furaha yangu, Wamuyu. Sijapata nyingine kama hiyo, na sitasema uongo kwamba nimepata.

Siku moja krenki, ule mhimili mkuu wa injini, ilikuwa imelala juu ya gunia mlangoni. Mvua ilikuwa inanyesha, ukaja mbio na birika la chai, ukairuka ukaingia. Mzee Ngunjiri, yule tuliyemwajiri kuviringisha magogo, akaacha kutafuna. "Ati mwanamke ameruka chuma ya wanaume!" Tulicheka sote. Mimi nilicheka kuliko wote. Kumbuka hilo, kwamba nilicheka.

Sasa nakuja kwa bolti. Dhanji alikuwa amenisomea kile kitabu cha injini neno kwa neno, kidole chake juu ya mstari. Bolti za konirodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, ukishazifungua, usirudishe za zamani. Weka mpya. Akaniambia, "Muriuki, nunua hii mpya. Bolti ya zamani iko na siri ndani." Tena alikuwa na gavana ya trekta kuukuu kwenye rafu, ile ya kushika injini isipite mwendo wake. Akasema niichukue, nitamlipa polepole. Nikamwambia nitafikiri.

Wewe hukusikia hayo, lakini kwa akili yako mwenyewe ulifika pale pale. Ulikuwa umekaa juu ya ndoo. Ukasema, "Baba, kule ziwani propela ilikuwa inasukuma maji. Maji yalikuwa yanaizuia siku zote. Hapa mkanda wa msumeno ukiruka, itazuiwa na nini?"

Lo! Mtoto wa darasa la saba. Watu wazima watatu tulikuwa hapo na hakuna aliyekuwa amewaza hivyo. Najua nilichokujibu, na nitakiandika, maana nimekisikia kichwani kwa miaka mitano. Nilisema, "Tumemfukuza gavana Nairobi, na wewe unataka kuniletea mwingine hapa Tetu?" Wakaanguka kwa kicheko. Githinji alishika tumbo. Wewe hukucheka. Ulichukua vikombe ukaenda kuviosha.

Pesa zilikuwapo, Wamuyu. Usije ukanihurumia ukidhani umaskini ndio ulioniponza. Zilikuwa kidogo, lakini zingetosha bolti kumi na sita na gavana. Nilizipeleka kwa mchora ubao. Nilitaka ubao mkubwa kando ya barabara, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, MURIUKI NA NDUGU, MBAO. Jina la Githinji halikuwamo hata, ingawa fahali alikuwa wake. Zilizobaki zikanunua mbuzi wawili wa kumlisha chifu siku ya kufungua. Rahisi ni ghali, tunasema, na mimi nilikuwa nikiwaambia wateja wa Dhanji hivyo kila siku.

Siku ya kufungua unaijua. Gogo la kwanza likapita kama sabuni. La pili pia. Watu wakapiga vigelegele, na kweli ilikuwa ikivuta! Ilikuwa ikinguruma chini chini bila kuhangaika, na mimi moyo wangu ukavimba. Nikamshika chifu mkono nikampeleka barabarani kumwonyesha jina langu. Hapo ndipo nilipokuwa. Watu wote hudhani nilikuwa karibu na injini. Nilikuwa namwonyesha mtu ubao.

Nikasikia mkanda ukiruka. Halafu nikasikia injini ikipanda. Ikapanda, ikapanda, sauti ambayo sijaisikia kwa gari lolote, kwa sababu sasa hakukuwa na gogo, hakukuwa na maji, hakukuwa na kitu chochote cha kuizuia. Kila mtu alikimbia kutoka, isipokuwa Githinji. Yeye alikimbia kwenda, aizime. Akanyoosha mkono wa kushoto kwenye swichi, na wakati huo bolti moja ikakatika, konirodi ikatoboa ubavu wa injini ikatoka nje.

Wewe ndiwe uliyefika kwanza. Ulivua sweta ya shule ukamfunga mkono, ukakaza kwa meno yako, ukapiga kelele mtu alete gari. Mtoto mdogo. Nami nilipofika kutoka barabarani niliinama chini. Watu walidhani naanguka kwa mshtuko, mama yako akanishika bega. Sikuwa naanguka. Nilikuwa nimeona nusu ya bolti kwenye unga wa mbao, ile yenye kichwa, na nilikuwa naiokota niitie mfukoni kabla mtu hajaiona. Ndugu yangu alikuwa anavuja damu hatua nne kutoka pale, na mimi nikaokota chuma.

Niliitazama chooni siku hiyo hiyo. Mahali ilipokatika, sehemu kubwa ilikuwa nyeusi, imeshiba oili ya zamani, na kipande kidogo tu ndicho kiling'aa. Maana yake ufa ulikuwamo tangu zamani, tangu Naivasha. Ningeiosha kwa petroli na kuishika kwenye mwanga, ningeuona. Sikuishika kwenye mwanga kwa sababu nilijua nikiuona ufa nitalazimika kununua. Hayo ndiyo makosa yangu, na mengine yote yamezaliwa hapo. Sikukosa kujua. Niligeuza uso.

Pale hospitali, mkono ulikuwa umekwisha kukatwa kwenye kiwiko. Mzee Ngunjiri alikuwa amefika kabla yangu na amekwisha kusema yake, kwamba mwanamke akiruka chuma cha kazi huleta laana. Githinji alikuwa amelala, midomo mikavu. Hakuuliza habari za bolti. Aliuliza, "Muriuki, ni ukweli? Wamuyu aliruka ile krenki?"

Nikasema, "Aliruka."

Basi. Neno moja. Na lilikuwa kweli, uliiruka, mlangoni, na chai mkononi. Nimekuwa nikijiambia hivyo miaka yote, kwamba sikusema uongo. Wamuyu, hakuna uongo mbaya kama ukweli uliosemwa kwa mtu mwenye homa ili aache kuuliza.

Yaliyofuata uliyabeba wewe. Wazee wakasema lazima usafishwe. Mimi, ambaye nilikuwa nimeketi kiti cha mbele kanisani Jumapili iliyotangulia, nilinunua mbuzi huyo kwa mkono wangu. Ulisimama uani bila viatu, wakakunyunyizia majimaji ya tumbo la mbuzi, na wewe hukulia. Una jina la mama yangu. Nilimsimamisha mama yangu uani akanyunyiziwa uchafu kwa ajili ya bolti niliyokuwa nayo mfukoni. Aii, Ngai. Kisha nikakuambia usije tena gereji, watu wasiseme. Ukasema, "Sawa, baba." Nilitaka ubishane. Ungebishana, labda ningesema. Unaona jinsi mtu mwoga anavyotaka hata mtoto amfanyie kazi yake?

Tulihamia Skuta, nikasema ni kwa sababu ya kazi. Haikuwa kazi. Ni kwamba pale Tetu kila asubuhi nilikuwa namwona Githinji akijaribu kukamua ng'ombe kwa mkono mmoja, ndoo ameibana magotini. Na kila Krismasi tukienda kwake ulikuwa unapeleka chakula, na yeye anapokea sahani ya mama yako, yako anaiacha mezani mpaka inajaa nzi. Ulikuwa unaichukua kimya kimya ukawapa mbwa. Mimi nilikuwa nikiongea kwa sauti kubwa wakati huo, juu ya bei ya kahawa, juu ya chochote. Wewe unajua kwamba injini inayopiga kelele nyingi siyo inayovuta. Mimi nimepiga kelele miaka mitano na sijavuta hata gogo moja.

Na sasa unakwenda kujifunza injini za meli za ziwani. Mungu naye ana utani wake. Ulipoleta ile barua ya kukubaliwa, mama yako alilia kwa furaha na mimi nikatoka nje kuangalia baiskeli ambayo haikuwa na ubaya wowote. Nilidhani umechagua boti ili kunichoma. Baadaye nikaona ni upuuzi, umechagua kwa sababu unapenda kazi hiyo, na mtu alikufungia mlango, ukatafuta mwingine.

Sina mafundisho. Mtu kama mimi akifundisha, kuku watacheka. Lakini kule utakuwa msichana peke yako, na watakuwapo wazee kama Ngunjiri, wengine na digrii. Watasema mwanamke haruki vyuma. Ruka. Ila bolti, mama, ishike kwenye mwanga, hasa siku ambayo hutaki kuona.

Nataka uwe na ile nusu yangu ya bolti. Nimekuwa nikiificha kwenye mkebe wa grisi. Nitaiweka ndani ya sanduku lako pamoja na barua hii, maana jana ulinipa ufunguo nilitengeneze lile komeo lililolegea na bado sijalitengeneza. Mtu yeyote akikuambia tena maneno ya mkono wa Githinji, utamwonyesha. Ngoja niende.

Nimerudi.

Nilifungua sanduku. Niliinua kitenge, na viatu, nikatafuta mahali chini pembeni pasipoonekana. Kuna kitu kilikuwa hapo, kizito, kimefungwa kwa kitambaa cha kijani. Nilidhani ni Biblia ndogo. Nikafungua. Ilikuwa mkono wa sweta yako ya shule, ile ile, damu imegeuka kahawia kama kutu. Na ndani yake nusu ya bolti. Ile ya nyuzi, yenye nati.

Nimeziunganisha. Zimekaa. Weusi kwa weusi, mng'ao kwa mng'ao.

Ilinasa kwenye sweta, sivyo? Walipoifungua hospitali ukaipata. Na wewe uliyesaga valvu kumi na sita ungeshindwaje kusoma bolti iliyokatika? Ulijua. Ulisimama uani bila viatu na ulikuwa unajua. "Sawa, baba," ulisema, na ulikuwa unajua. Miaka mitano umenimiminia chai kila asubuhi, umeniuliza kama sukari inatosha, na kumbe ulikuwa na nusu yako nami nina yangu, kila mtu na yake, chini ya paa moja. Ungeweza kunimaliza siku yoyote, kwa neno moja tu, kama mimi nilivyokumaliza wewe. Hukulisema.

Njia ya mwongo ni fupi, tuliimba shuleni. Yangu ilikuwa ndefu kwa sababu wewe ndiwe uliyekuwa ukiitengeneza mbele yangu.

Sikuulizi kwa nini. Naogopa utasema ulikuwa unaningoja.

Komeo nimelitengeneza, linafunga vizuri sasa. Barua hii utaikuta juu ya kitenge, ukifungua sanduku usiku huu kupakia vya mwisho. Kile kipande chako sikukirudisha, nimekichukua, na sweta pia. Naomba ruhusa ingawa nimekwisha kuchukua. Huo ndio ufundi wangu, unaujua. Baiskeli iko nje, na nikitoka sasa nitafika Tetu kabla giza halijaingia. Vipande vyote viwili nitaviweka mezani kwa Githinji, nimwambie avisome mwenyewe, alikuwa nami tangu siku ya punda, anajua kusoma chuma. Kisha nitamwambia ule ubao ulikuwa na bei gani. Mama yako nitamwambia nikirudi, na kwa Gikuyu.

Sijui Githinji atafanya nini. Akinipiga kwa huo mkono mmoja, nitasimama. Basi lako la Nairobi, la kukupeleka kwenye treni, ni saa moja asubuhi. Nitamwambia saa ya kuondoka, na nitamwambia kuna sahani yake hapa imefunikwa.

Kama atakuja kukubariki, mfungulie kifua, mama. Na asipokuja, usipande basi ukidhani hakuja kwa sababu yako. Kuanzia leo jioni itakuwa ni kwa sababu yangu.

Baba yako,
Muriuki